Supape za Aziza na Sikio la Deo

Nianze na jambo ambalo fundi mzee hapendi kulisema mbele ya vijana: mimi ni mtu wa wivu. Sisemi wivu wa mke. Huo uliniisha zamani, na Mama Aziza mwenyewe analalamika kwamba siku hizi hata simuulizi ametoka wapi. Wangu ni wivu wa kazi. Mtu akimsifia fundi mwingine mbele yangu, chai inageuka chungu mdomoni. Na huyo fundi akiwa Deo, hiyo chai usiniwekee kabisa.

Nyinyi mnaojifunza ufundi siku hizi, simu imeegemezwa juu ya betri inawaonyesha kila kitu, mkipita hapa barazani kwangu Bwiza, Bujumbura, mnaniuliza namna ya kuregle supape, yaani kuzirekebisha, nyumbani, bila gereji, bila mtu wa kuwasimamia. Nitawaambia. Ila siwezi kuisimulia kazi hiyo bila kumtaja Deo, kwa hiyo mnivumilie nikikunja uso.

Supape ni vilango vya injini. Kimoja kinaingiza hewa na petroli, kingine kinatoa moshi. Juu ya kila kilango kuna kidole cha chuma kinachokuja kukisukuma kifunguke. Kati ya kidole na kilango lazima ibaki nafasi ndogo, nyembamba kuliko ukucha, kwa sababu chuma kikipata moto kinavimba. Nafasi ikizidi, injini inapiga tak-tak-tak mpaka watu wanageuka barabarani. Ikikosekana, kilango hakifungi sawasawa, na hapo husikii chochote, injini inanyamaza vizuri kabisa mpaka siku kilango kinaungua. Kelele inakusumbua tu. Ule ukimya wa kubana ndio utakaokuua njaa.

Aliyetufundisha, mimi na Deo, ni Fundi Masudi, Mungu amrehemu, aliyekuwa na gereji nyuma ya msikiti. Kwake supape ilikuwa kazi ya baada ya Alfajiri. Injini lazima iwe imelala usiku kucha, ipoe mpaka tumboni, na mji huu mnaujua, jua likishapanda hata kapo, lile bati la mbele linalofunika injini ya gari iliyosimama, inakuchoma kiganja. Basi tulikuwa tunaswali, tunatoka, tunavaa ovaroli, na injini ya mtu inakuwa wazi kabla wauza maandazi hawajakoleza moto. Mimi nilikuwa natoka msikitini pamoja na Fundi. Deo ni Mkatoliki, alikuwa anatusubiri getini, amekalia sanduku la vyombo, anapiga miayo. Na Fundi akitoka, wa kwanza kumpa mkono ni Deo. Mimi niliyeswali nyuma yake, bega kwa bega na wazee, nilikuwa nabeba viatu vyangu kama mtu aliyepita njia tu.

Sababu ilikuwa sikio. Deo alizaliwa na sikio. Gari ikikata kona ya mtaa, bado hatujaiona, yeye anasema silindari ya kati, supape ya moshi. Tunafungua, ni hiyo hiyo. Fundi alikuwa anamwita mbele ya wateja, anamfunga kitambaa machoni, mteja anawasha gari, Deo anataja. Watu wanacheka, wanapiga makofi, na mimi niko chini ya gari nyingine namwaga oili chafu. Nilijaribu kila kitu ili niwe kama yeye. Nililaza sikio juu ya injini mpaka nikaungua hapa, alama bado ipo. Nilijimwagia mawese ya uvuguvugu masikioni, kama mama alivyotufanyia tukiwa wadogo, nikashinda siku nzima nasikia kama nimezamishwa ziwani. Sikio la Deo halikuja.

Mimi nilikuwa na mkono. Hilo hata Deo halikatai. Kupima ile nafasi unatumia kale, yaani vijani vya chuma vilivyofungwa pamoja kama kurasa, kila kimoja na unene wake umeandikwa. Unachagua kijani cha unene unaotakiwa, unakipitisha kati ya kidole na kilango. Kikipita bure, nafasi ni kubwa. Kikigoma, ni ndogo. Unataka kipite huku kikivutwa kidogo, kama karatasi unayoitoa chini ya kiganja cha mtoto aliyesinzia. Kilango cha moshi kinapewa nafasi zaidi kuliko cha hewa, kwa sababu moto wote unapitia kwake. Na hapa ndipo wengi wenu mnapoharibu: mnapima vizuri, halafu mnakaza nati, na nati ikikazwa inaiburuta skrubu, nafasi inabadilika. Shika skrubu kwa turnevisi, yaani bisibisi, usiiachie, ndipo ukaze nati. Ukimaliza, pima tena. Ukiona uvivu wa kupima tena, nenda kauze simu.

Kwa mkono huo nilidhani Fundi atanikumbuka. Alipokuwa anaumwa mwishoni, alituita wote wawili. Deo akapewa kale za Fundi, zile zile tulizojifunzia. Nasema kale, chombo cha mkono, akapewa mtu wa sikio. Mimi nikapewa koti. Zuri, sikatai. Lilikuwa linanibana kwapani.

Nisije nikaonekana sina shukrani: Fundi alituachia sote jambo moja kubwa, nalo ni bembea. Injini ya silindari nne ukiizungusha polepole kwa ufunguo wa nati, si wa kuwashia, utaona kwenye silindari moja kilango cha moshi kinapanda kujifunga, na hapo hapo cha hewa kinaanza kushuka. Mmoja juu, mmoja chini, kama watoto wawili kwenye ubao wa bembea. Fundi alikuwa anasema: anayebembea usimguse, mguse mwenzake. Mwenzake ni silindari ipi? Wa pembeni mwenzake ni wa pembeni ya pili. Wa kati mwenzake ni wa kati. Wa pembeni huku akibembea, wa pembeni kule amefunga vilango vyote viwili, ametulia, na huyo ndiye umpime. Huhitaji alama, huhitaji hesabu. Macho yako yanatosha.

Sasa nije kwa Aziza. Aziza ni binti yangu wa mwisho. Ameolewa na Issa, kijana mtaratibu, wanakaa Kinanira pamoja na mama yake Issa, Bi Zainabu. Mwanangu anafanya biashara ya mawese, anayafuata Rumonge kwa gari yake mwenyewe, ya Kijapani, ya zamani kidogo. Na huko Kinanira, nyumba chache kutoka kwake, anakaa nani? Deo. Mji mzima huu, vilima vyote hivi, Deo akaona ajenge hapo.

Siku moja nilikuwa nakula, Mama Aziza akaniambia kwa mkato, kama mtu anayetaka neno lipite haraka, kwamba Aziza anaregle supape za gari yake Jumamosi. Mwenyewe, nyumbani kwake, kwa mara ya kwanza. Papa Deo atamwangalia. Nikauliza, nani? Akarudia, Papa Deo. Nikamwambia papa wa mtoto ni mmoja. Akaniambia nimalize kula.

Sikumaliza. Mtoto niliyemlea na harufu ya petroli, aliyekuwa anakaa mlangoni na doli yake akiniangalia nikifungua injini za watu, leo anataka kufungua yake, halafu anamwita Deo. Koti, nikanyamaza. Kale, nikanyamaza. Lakini mtoto? Nikamwambia mke wangu siendi hata nikibembelezwa. Jumamosi, baada ya Alfajiri, nikachukua teksi nikaenda. Hakuna aliyenibembeleza.

Nilikuta kapo imefunguliwa. Aziza amevaa suruali kuukuu ya mumewe, kitenge kichwani, kifuniko cha injini amekilaza juu ya mkeka na nati zake amezipanga kwenye sahani kwa utaratibu, kitu ambacho nyinyi wengi hamfanyi. Issa amemshikia simu. Bi Zainabu amekaa kibarazani na tasbihi yake. Na Deo yuko kwenye kiti cha plastiki, kikombe cha kahawa mkononi, hana miwani, mgongo umenyooka. Umri wetu ni mmoja. Mimi hata kufunga viatu nakaa chini.

Aziza alishtuka kuniona, akaja kunisalimia kwa heshima zote. Nikasema nilikuwa napita. Kinanira, saa hizo, napita kwenda wapi, hakuna aliyeuliza.

Nikasogea kwenye injini. Kale yake ilikuwa inagoma kuingia. Kwenye silindari ile ya nyuma ilikuwa haipiti kabisa, hata kijani chembamba zaidi, na Aziza ameshashika turnevisi ili alegeze. Nikauliza umeanzaje. Akasema kwenye simu wameonyesha uiweke alama ya gurudumu la injini mahali pake, uanze na silindari namba moja. Namba moja ni ipi? Akasema Papa Deo amemwambia ni hii, ya nyuma.

Vijana wangu, nikaona mlango wa pepo umefunguka. Sisi mafundi wa Bujumbura tulilelewa na magari ya Kifaransa, na Mfaransa anahesabu silindari kuanzia upande wa bwati ya vitesi, yaani sanduku la gia. Mjapani anaanzia mbele, kwenye feni. Aziza alikuwa amechukua alama ya Mjapani akaitia hesabu ya Mfaransa. Ile silindari ya nyuma ilikuwa inabembea, vilango vyake viko wazi kidogo, kale itaingilia wapi? Angelegeza pale, injini ikizunguka na vilango vikifunga, nafasi ingekuwa kubwa mno, gari ingepiga kelele kuliko mashine ya kusaga. Kosa hilo huwezi kulikuta kwa Mfaransa wala kwa Mjapani. Ni letu sisi. Na leo lilikuwa la Deo, mbele ya Bi Zainabu.

Nikasema kwa sauti ili kibarazani wasikie, kwamba hiyo namba moja labda iko Paris, hapa Kinanira iko mbele. Issa akacheka. Nikamwambia Aziza asahau namba, azime simu, azungushe injini polepole aniambie nani anabembea. Nilimtazama Deo nione anavyojikunja. Akacheka naye, akasema ni kweli, amesahau kama gari ni ya Mjapani, akanywa kahawa yake. Basi. Hata kukosea, Deo anakosea vizuri. Hilo likaniuma upya.

Aziza akazungusha. Akasema wa mbele ndiye anayebembea sasa, kwa hiyo nampima wa nyuma, halafu wa kati kwa wa kati. Sikumwongeza neno. Nikasimama karibu nikiufuata mkono wake kwenye supape zote, moja baada ya nyingine. Anashika skrubu, haiachii, anakaza, anapima tena. Nikaona kijani cha chuma kinavyovutwa kati ya vidole vyake, kwa uzito ule ule ninaoujua. Mkono ulikuwa wangu, ila wake hautetemeki. Nikauonea wivu na huo.

Bi Zainabu akaingia ndani kutengeneza chai, Issa akamfuata kumbebea maji. Tukabaki watatu. Hapo ndipo sikuweza kujizuia. Nikamwambia Deo kwamba gari hii niliisikiliza mwenyewe siku ya Idi, mbele ya mlango wangu, nikamwambia mtoto haina kitu. Sasa sijui ni nani aliyemtia wasiwasi mpaka akaifungua.

Deo akainamisha kichwa. Aliangalia ndani ya kikombe chake. Aziza akainama zaidi kwenye injini, anafuta mahali palipokuwa safi. Nikaona kuna jambo wanalolijua wao wawili.

"Aziza," nikasema, "siku ya Idi we ulikuwa unasikia kitu?"

"Tuache, papa."

"Nimekuuliza."

Akanyoosha mgongo, ila hakunitazama. "Nilikuwa nasikia, papa. Hata mama alikuwa anaisikia kule jikoni."

Nikatafuta pa kukaa. Deo alishainuka, akanisogezea kiti chake. Nikakaa bila kumshukuru. Vitu vikaanza kunijia kimoja kimoja. Mama Aziza anayerudia maneno, nami nikidhani ni uzee wake. Yule kijana wa msikitini anayenigusa bega swala inaposimama, nami nikidhani ni adabu. Wateja wangu wa mwisho waliokuwa wanashukuru, wanaondoka, na hawarudi.

Nikamuuliza Aziza mbona hakuniambia. Akasema angeniambiaje, na mimi ndiye fundi. Halafu akasema kwa sauti ya chini, lakini amenielekea uso kwa uso ili nipate kila neno: "Papa Deo nilimuomba masikio tu. Mukono mi nilikuwa nakumbuka wa kwako."

Ningependa kuwaambia kwamba baada ya neno hilo roho ilitulia. Haikutulia. Nilimtazama Deo na masikio yake mawili makubwa, mazima, kila upande moja, nikamwonea wivu kuliko siku zote za gereji. Zamani alikuwa na kitu ambacho mimi sikupewa. Sasa alikuwa na kitu ambacho mimi nimenyang'anywa.

Aziza akarudisha kifuniko, akapanguza ile gasketi, akakaza nati kuanzia katikati kwenda pembeni. Bi Zainabu akatoka na birika, Issa na vikombe. Jirani mmoja naye akaegemea geti. Aziza akaingia kwenye gari, akawasha.

Niliiona feni inazunguka. Niliona moshi kidogo, ukaisha. Niliweka kiganja juu ya bati, injini inatetemeka kwa utulivu. Sauti ilinifikia kama maji yanayopita nyuma ya ukuta. Kama ndani yake kulikuwa na tak-tak, mimi singejua. Kubana hakukuwepo, mkono wake niliufuata mpaka mwisho. Lakini nati moja ikilegea baada ya kupimwa, mkono hauoni, sikio ndilo linalosema.

Aziza akashuka, akafuta mikono. Mama mkwe wake amesimama pale, mumewe, jirani. Hakumgeukia Deo. Akanigeukia mimi.

"Papa, iko sawa?"

Mwanangu aliijua hali yangu, ameniuliza ili asinivunjie heshima kwa wakwe. Lakini kesho yake alikuwa na safari ya Rumonge, gari tupu kwenda, madumu ya mawese kurudi, barabara ndefu kando ya ziwa. Nikisema sawa na si sawa, anakwama njiani peke yake na mzigo wake. Nikisema sisikii, Bi Zainabu anapata habari ya kupeleka kwenye kila harusi, kwamba baba wa mkwewe, yule fundi anayesifiwa, ni kiziwi. Wote wananitazama.

Nikamtazama Deo. Alikuwa amesimama nyuma ya watu wote, kikombe kifuani, amefumba macho, kichwa amekiinamisha upande, vile vile kama enzi za kitambaa. Akasikiliza bila haraka. Kisha akafumbua macho, akanitazama mimi peke yangu, akateremsha kidevu kidogo. Hakuna mwingine aliyemwona.

"Iko sawa, mwanangu," nikasema. "Zima, tunywe chai."

Bi Zainabu akasema, kwa sauti ambayo hata mimi niliipata, kwamba sasa ameona mkwewe ufundi ameurithi wapi. Nikapokea sifa zote. Nikanywa na chai, vikombe viwili, tamu. Deo akaaga mapema, akasema ana mgeni nyumbani.

Imeshapita muda tangu siku ile. Nimeuliza kwa kuzunguka, nimemtuma Mama Aziza achunguze: Deo hakumwambia mtu, hata mke wake hajui. Na mimi najijua. Ningekuwa mahali pake, na sikio lile, mbele ya watu wale, baada ya kuchekwa kwa ajili ya ile namba moja, ningesema. Ningelisema kabla injini haijazimwa, na jirani wa getini ningemwita asogee asikie vizuri. Yeye akateremsha kidevu, akanyamaza. Sikio nilikuwa nimeshaanza kumsamehe. Huko kunyamaza bado.